Ghala la Data Hospitalini Ligawiwe Kama Tunavyogawa Dawa

Najua nimewatupa kidogo, zamu za usiku zimenibana na baridi ya huku haina huruma. Leo sina picha za theluji wala malalamiko ya bei ya ndizi. Nina jambo linalonikereketa kuhusu kompyuta za hospitali. Kabla hamjasema "huyu nesi naye kaanza kujifanya fundi", naomba mnivumilie. Linawahusu sana, maana huko nyumbani nako hospitali zinaacha makabrasha na kuingia kwenye mifumo mwaka hadi mwaka.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Kazi ya kuamua seva gani ione diski gani, ambayo mafundi huiita kugawa zoni kwenye swichi ya SAN, ni kazi ya usalama wa mgonjwa. Ifanywe kwa nidhamu ile ile tunayogawia dawa. Na kwenye kikao kinachoruhusu mabadiliko hayo, awepo mtu anayetoka wodini.

Mtauliza, nesi kayajuaje hayo? Hapa Uingereza hospitali nyingi zina kikao cha kuidhinisha mabadiliko ya mifumo. Fundi hagusi kitu kikubwa mpaka aeleze anataka kufanya nini, lini, na kikiharibika atarudishaje. Mimi nilipangwa kuwawakilisha wauguzi. Siku ya kwanza niliposikia "tunabadilisha zoni Alhamisi usiku" nilidhani ni habari ya maegesho ya magari! Nikauliza. Wakaeleza. Nikauliza tena. Sasa wamenizoea.

Haya, SAN ni nini? Chukulieni hospitali kubwa. Kuna seva ya dawa, seva ya maabara, seva ya picha za eksirei, seva ya malipo, na kadhalika. Zamani kila seva ilikuwa na diski zake tumboni. Siku hizi kwenye hospitali kubwa diski zinakaa pamoja kwenye kabati moja au mawili, na seva zote zinayafikia kupitia nyaya za faiba na swichi maalumu. Huo mtandao wa kati ya seva na makabati ya diski ndio SAN. Ni kama stoo kuu ya dawa inayohudumia wodi zote badala ya kila wodi kuwa na stoo yake.

Sasa stoo moja ikihudumia wodi ishirini, swali la kwanza la muuguzi yeyote ni hili: nani ana ufunguo wa rafu gani? Zoni ndiyo jibu. Fundi anaiambia swichi: huyu na huyu wanaruhusiwa kuonana, wengine hapana. Seva isiyokuwa kwenye zoni moja na kabati haiwezi hata kujua kwamba kabati hilo lipo.

Kwa nini tusiache kila seva ione kila kitu, tupunguze kazi? Kwa sababu diski si kama ukuta wa matangazo ambao kila mtu anasoma na kupita. Seva mbili zikiandika kwenye diski moja bila programu ya kuzipatanisha, kila moja inajiona ndiyo mwenye mali. Hii inaandika, ile inafuta bila kujua, na mwisho mnabaki na takataka. Zipo pia seva ambazo zikiona diski ngeni hutaka kuiwekea alama yao, kana kwamba ni mpya. Fikirieni manesi wawili wanaandika faili moja la mgonjwa gizani, kila mmoja na kifutio chake. Hilo faili asubuhi litasomeka?

Juu ya zoni kuna kufuli la pili kwenye kabati lenyewe la diski, linaloamua kipande gani cha diski kipewe seva gani. Wodi ina mlango, na ndani yake kabati la dawa lina kufuli. Hatuachi mlango wazi kwa sababu kabati limefungwa, wala hatuachi kabati wazi kwa sababu mlango umefungwa. Yeyote atakayewaambia kufuli moja linatosha, muulizeni kama na dawa za kulevya za hospitali anazihifadhi hivyo.

Sasa nije kwenye kitu kilichonifanya nipende habari hii. Swichi inaweza kumtambua mwanachama wa zoni kwa njia mbili. Ya kwanza ni tundu la swichi: yeyote aliyechomekwa tundu la 7 anaruhusiwa. Ya pili ni namba ya kadi ya seva yenyewe, inayoitwa WWN, herufi na tarakimu 16 zinazoandikwa kwa jozi nane. Nilipoelezwa hivyo nilicheka peke yangu, maana sisi tumefundishwa jambo hilo hilo tangu mwaka wa kwanza chuoni. Usimtambue mgonjwa kwa namba ya kitanda! Mgonjwa wa kitanda cha 7 jana anaweza kuwa amehamishiwa cha 12 leo, na sindano ya mwenzie ikamkuta. Unasoma bangili ya mkononi, unauliza jina na tarehe ya kuzaliwa.

Zoni ya tundu ni namba ya kitanda. Fundi wa usiku akihamisha waya kimakosa, seva nyingine inaingia kwenye haki zisizo zake. Zoni ya WWN ni bangili, inamfuata mgonjwa popote anapolazwa. Nayo ina masharti yake: kadi ikiungua na kuwekwa mpya, namba inabadilika, na zoni lazima irekebishwe, vinginevyo seva inabaki nje ya mlango. Na mjuzi mwenye nia mbaya anaweza kughushi WWN, ndiyo maana chumba cha seva nacho kinafungwa. Kwa mtazamo wangu bado bangili ni bora kuliko kitanda.

Hata bangili ina mtego wake. Namba ya mgonjwa ya NHS ina tarakimu 10, na ya mwisho imewekwa ili kukagua zile tisa za mwanzo. Ukikosea tarakimu moja kompyuta inakukatalia. WWN haina kitu hicho. Kadi moja yenye matundu mawili mara nyingi namba zake hutofautiana tarakimu moja tu. Ukikosea kuandika, swichi inapokea kimya kimya. Kwa hiyo mafundi wazuri hawaandiki namba kwa mkono. Wanainakili ilivyosomwa na swichi yenyewe, kisha wanaipa jina la kibinadamu, tuseme seva_ya_dawa_kadi_ya_kwanza, na baada ya hapo wanatumia jina hilo. Nasi hatusemi "mpe yule mzee wa pembeni".

Utaratibu ninaousifu zaidi ni ule wa zoni moja seva moja. Kila zoni inakuwa na tundu moja la seva na kabati inalolihitaji, basi. Seva hazichanganywi kwenye zoni moja hata kama zote zinatumia kabati lilelile. Kifaa kinapoingia au kutoka kwenye mtandao, swichi huwapigia kengele walio kwenye zoni moja nacho. Zoni zikiwa ndogo, kengele inasikika kwa wanaohusika tu. Zikiwa kubwa, seva moja ikizimwa na kuwashwa, hospitali nzima inashtuka. Wauguzi wenzangu mnaijua adha ya kengele zinazolia bila sababu: mwisho hakuna anayegeuka.

Sasa twende kwenye haki tano za dawa, ambazo kila nesi anaziimba usingizini: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Zihamishieni huku. Seva sahihi. Kabati sahihi. Kiasi sahihi, yaani isione zaidi ya inachohitaji. Njia sahihi, maana SAN nzuri ina pande mbili zinazojitegemea, A na B, na kila seva ina mguu mmoja kila upande, ili upande mmoja ukifa mwingine ubebe. Na muda sahihi. Kila ninapokaa kwenye kikao nauliza hayo matano, na bado sijamwona fundi aliyekasirika.

Jambo jingine ambalo nesi analielewa bila kufundishwa: kuandika dawa na kumpa mgonjwa ni vitendo viwili. Kwenye swichi za Brocade kuna amri ya cfgsave, inayohifadhi orodha ya zoni uliyoitengeneza lakini haijaanza kazi. Kuna nyingine, cfgenable, inayoiwasha. Kwenye swichi za Cisco nako, unatengeneza kwanza halafu unaamuru iwashwe. Na orodha inayofanya kazi ni moja tu kwa wakati mmoja. Ukiwasha mpya, ya zamani inaondoka yote. Zoni uliyoisahau kwenye orodha mpya inakufa saa hiyo hiyo. Hapo katikati ya kuandika na kuwasha ndipo mtu wa pili anatakiwa kusimama na kusoma. Dawa za hatari hatumpi mgonjwa kwa sahihi moja, iweje orodha inayoshika dawa za wagonjwa mia sita iwashwe na mtu mmoja saa nane za usiku akiwa na usingizi?

Na haya si maneno ya nadharia. Kuna hospitali niliyowahi kufanya kazi, sitaitaja, usiku mmoja fundi alikuwa anaongeza seva mpya ya picha. Alitumia nakala ya zamani ya orodha ya zoni, iliyotengenezwa kabla seva ya dawa haijaongezwa. Akawasha upande A. Wodini hatukuona kitu, kwa sababu seva ya dawa iliendelea kupitia B. Yeye naye akaona kimya, akadhani ni salama. Dakika kama kumi baadaye akawasha orodha ile ile upande B. Skrini zikaganda.

Kurudisha zoni kulichukua dakika chache. Lakini seva iliyonyang'anywa diski ikiwa katikati ya kuandika haifunguliwi hivi hivi, lazima kwanza wakague kama kumbukumbu zimesalimika. Tukakaa kwenye karatasi karibu saa nne. Chati zilizochapishwa kwa dharura zilikuwa za saa kumi na mbili jioni. Mgonjwa mmoja alikuwa amebadilishiwa antibayotiki saa tatu usiku kwa sababu ile ya kwanza ilimletea vipele. Karatasi ilionyesha ile ya kwanza. Aliyejua ni nesi wa jioni, na alishakwenda nyumbani. Bahati nzuri mgonjwa mwenyewe alikuwa macho na anajua kusema. Je, angekuwa na homa kali anaweweseka? Angekuwa mtoto?

Kesho yake lawama zote zikamwangukia yule kijana. Mimi sikukubaliana, na mpaka leo sikubaliani. Utaratibu ulimruhusu mtu mmoja kugusa pande zote mbili usiku mmoja, bila msomaji wa pili, bila kumpigia simu nesi yeyote kumuuliza "huko mnaonaje?". Tunapokosea dawa tunafundishwa kuuliza kwanza mfumo uliruhusuje kosa lipite. Haki hiyo na fundi anastahili.

Kuhusu hizo pande mbili, nina mfano mkubwa zaidi unaojulikana na wote. Tarehe 19 Julai 2022 joto hapa lilifika nyuzi 40.3 kule Coningsby, rekodi ya nchi nzima. Siku hiyo hiyo vituo viwili vya data vya Guy's and St Thomas' jijini London vilianguka vyote kwa kushindwa kupoza mitambo. Wafanyakazi wakarudi kwenye karatasi, na ikachukua wiki kadhaa mifumo yote kurejea. Walikuwa navyo viwili, lakini jua lilikuwa moja. Ndilo ninalowaambia mafundi kuhusu A na B: kuwa na viwili hakusaidii kama mkono ule ule unavigusa vyote usiku ule ule. Gusa A leo. Subiri. Hakikisha kila seva ina miguu miwili inayotembea. B iguswe siku nyingine.

Najua wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kipuuzi.

Wa kwanza atasema zoni moja seva moja ni utumwa. Hospitali yenye seva 40, kila moja ina mguu A na mguu B, ni zoni 80 kwa uchache. Kweli ni nyingi, na pale panapochosha ndipo makosa huzaliwa. Lakini watengenezaji wenyewe wameliona hilo. Brocade wana kitu wanachokiita Peer Zoning, na Cisco wana Smart Zoning, ambazo zinakuruhusu kuandika zoni moja kubwa huku swichi ikihakikisha seva hazionani zenyewe kwa zenyewe. Uvivu wa halali upo, tuutumie. Usiokubalika ni ule wa kufungua vyote "ili ifanye kazi kwanza, tutarekebisha baadaye". Baadaye haifiki, mnajua wenyewe.

Wa pili atasema zoni hazizuii virusi. Kweli kabisa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliposambaa, ukaguzi wa serikali ya hapa ulikuta taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 za NHS England zimeathirika, na miadi 6,912 ilithibitika kufutwa. Kirusi kile kilipita kwenye mtandao wa kawaida wa kompyuta, zoni za SAN zisingekizuia. Wala zoni si bakapu: ukifuta kumbukumbu kihalali, zoni haikurudishii. Lakini neti haizuii kipindupindu, na hatujaacha kulala ndani ya neti.

Wa tatu ni ninyi wa nyumbani. Baba mdogo alishaniuliza kwenye simu, "Mwanangu, hospitali yetu hata umeme una wasiwasi, hiyo SAN ya nini?" Shikamoo baba mdogo, na jibu langu ni kwamba uko sahihi. Hospitali ya wilaya haina haja ya SAN, na akija muuzaji na koti zuri kuwauzia, mfukuzeni kwa adabu. Seva mbili nzuri, betri za kushikilia umeme ukikatika, na nakala inayotolewa kila siku na kuhifadhiwa jengo jingine, zinatosha na zinabaki.

Ila hospitali kubwa ni suala jingine. Tanzania ina mfumo wa GoTHOMIS kwenye vituo vya serikali, na vitabu vya MTUHA tulivyokuwa tunavijaza mpaka vidole vinaota sugu vinapungua umuhimu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi nyeti. Kenya wana sheria yao tangu 2019. Sheria inasema taarifa za mgonjwa zilindwe. Lakini sheria haijui tundu la 7. Anayejua ni fundi, na kama fundi huyo ni wa kampuni ya nje aliyekuja wiki mbili, akafunga mitambo, akaacha kila seva inaona kila kitu, akaondoka na nywila zote, sheria itabaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti kwa wakubwa wa hospitali huko, ningeomba manne. Mkataba wa kununua mitambo uwe na sharti la kukabidhi ramani ya zoni, iliyoandikwa kwa majina yanayosomeka, na ibaki hospitalini. Awepo kijana wenu mwenyewe, mwenye ajira, anayeijua ramani hiyo kuliko muuzaji. Kabla ya badiliko lolote nakala ya orodha ya zoni ichukuliwe siku hiyo hiyo, na watu wawili wasome kabla ya kuwasha. Na saa ya kufanya kazi hiyo ijulikane wodini, ili chati zichapishwe nusu saa kabla, badala ya jioni iliyopita.

La mwisho nimelipigania hata hapa. Mwanzoni waliniambia kuchapisha chati kutachosha wauguzi. Nikawauliza, kuchoka na kubahatisha dawa, mnachagua lipi? Sasa ni utaratibu. Badiliko la SAN likipangwa, msimamizi wa zamu anapigiwa simu kabla, na anapigiwa tena upande A ukishawashwa, afungue chati ya mgonjwa mmoja na kuthibitisha. Haigharimu hata shilingi.

Nina mdogo wangu anasoma kompyuta Dodoma, anapenda mambo ya programu za simu kwa sababu ndizo zinaonekana. Mwanangu, nakushauri angalia na huku kwenye makabati. Hakuna atakayekupigia makofi, maana ukiifanya vizuri hakuna atakayejua ulikuwepo. Sisi manesi tunaifahamu kazi ya namna hiyo. Na siku ukipata nafasi hospitalini, kabla ya kugusa swichi panda wodini usiku mmoja. Mtazame nesi mmoja akiwa na wagonjwa wake, ona ni mara ngapi anaangalia ile skrini kabla ya kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Hutawasha orodha bila kusoma mara mbili.

Naomba kuwasilisha. Wenye maoni tofauti nawakaribisha, hasa mafundi, msinionee haya. Wasalimieni wote, na mama mwambieni simu nitapiga Jumapili nikitoka zamu.